Asali Nayo ni Sukari

Wakati ule wa korona, mtaa mzima wa Makole, Dodoma, ulinuka tangawizi. Nyumbani kwa Uwesu, aliyetwanga tangawizi hiyo ni mama yake, Bibi Mwajabu. Alikuwa amekuja kutoka kijijini Kolo na galoni la asali mapajani, amtunze mjukuu maana shule zilikuwa zimefungwa. Uwesu alichomelea vyuma Kizota. Mkewe, Mwanaidi, aliuza vitenge sokoni.

Mjukuu huyo, Sabrina, alikuwa na miaka tisa, na alikuwa na kisukari. Mwili wake haukutengeneza insulini, kile kitu kinachousaidia mwili kutumia sukari. Kwa hiyo alichomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Dawa ilikaa kwenye kopo lenye kifuniko, ndani ya mtungi mdogo wa udongo, kivulini. Friji hawakuwa nayo, na jua la Dodoma halina huruma.

Kila asubuhi Bibi alichemsha tangawizi na limau, akakoroga na asali.

"Kunywa, mke mwenzangu. Korona ikija ikute mlango umefungwa."

"Mama amenikataza vitu vitamu, Bibi."

"Mama yako kakataza sukari ya dukani. Hii ni asali. Nyuki ana kiwanda?"

Sabrina akacheka, akanywa. Mwanaidi aliona, akachukua vitenge vyake akaenda sokoni. Kumkosoa mama mkwe ni kazi, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

Mara Sabrina akapata mafua. Kiu nayo ikamshika. Akawa hatui kikombe cha maji, na njia ya chooni haimwishi. Bibi akasema ni joto. Asubuhi moja mtoto akakataa uji, akatapika. Mwanaidi akasimama na bomba la sindano mkononi.

"Hajala huyo," Bibi akasema. "Ukimchoma na tumbo tupu, si utamwangusha?"

Ni kweli, kliniki walimwambia kuwa sindano bila chakula huweza kushusha sukari mno. Mwanaidi akarudisha dawa mtungini.

Kufika adhuhuri mtoto alikuwa akihema kama mtu anayepanda mlima. Bibi akamwinamia. Pumzi yake ilinuka zabibu zilizoanza kuchacha.

"Ndiyo yenyewe, korona," Mwanaidi alinong'ona. "Nikimpeleka hospitali watamtenga. Sitamwona tena mwanangu."

Akafunga mlango. Bibi akakiweka kichwa cha mjukuu mapajani, akawa anasoma dua na kumpepea kwa upindo wa khanga. Sabrina alifumbua macho kidogo, akayafumba.  Mtoto anatutoka huyu, Bibi akawaza, na sisi tunampepea tu!

"Mwanaidi, fungua mlango. Kamwite Zipora."

Zipora alikuwa jirani yao, muuguzi wa zahanati. Alikuja amevaa barakoa, akanawa mikono kwenye ndoo ya koki.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usisogee sana, tunaogopa ni korona."

"Nimevaa barakoa, Bibi. Sukari mmempima lini?"

Mwanaidi akafungua kabati. Mashine ya kupimia ilikuwa imeota vumbi. Zipora akamtoboa mtoto kidole. Mashine haikutoa hata namba. Sukari ilikuwa imepita kipimo.

"Leo amechomwa?"

"Hajala, dada," Mwanaidi akajibu.

"Sasa imepanda hivi kwa kula nini?"

"Asali tu," Bibi akasema. "Ya kwetu, safi, haijachanganywa na chochote."

"Bibi yangu, asali safi nayo ni sukari. Ikishaingia kwenye damu, haiulizwi imetoka kwa nyuki au dukani."

"Lakini si unaona anavyohema?"

"Anahema kwa sababu sukari imemzidi na insulini hana. Hiyo kiu, huko kutapika, hiyo harufu ya zabibu, vyote ni dalili za hatari ya kisukari. Inaua hii. Hospitali, sasa hivi!"

"Na korona?" Mwanaidi aliuliza, machozi yanamlengalenga.

"Korona ipo, mdogo wangu. Ndiyo maana mtavaa barakoa. Lakini barakoa ni ya kuendea hospitali, si ya kujifungia nayo ndani."

Wakapanda bajaji. Hospitalini Sabrina alitundikiwa dripu, akapewa insulini. Usiku ulikuwa mrefu. Kesho yake pumzi ilitulia, akaomba uji. Kipimo cha korona hakikuonyesha kitu. Yalikuwa mafua tu, lakini mafua nayo hupandisha sukari.

"Mtoto akiugua, insulini haiachwi," daktari aliwaambia. "Mpimeni mara nyingi zaidi, mpeni maji, mtupigie simu tuwaambie kiasi cha kuchoma. Akitapika au akihema, mleteni papo hapo."

"Na asali yangu niimwage?" Bibi aliuliza.

"Usimwage, Bibi. Siku sukari yake ikishuka sana, akatetemeka na kutoka jasho, mlambishe. Hapo asali ni dawa kweli."

Bibi akafikiri kidogo. "Mimi ndiye ninayeshinda naye. Nifundisheni kuchoma."

"Miwani unayo?"

"Ninayo, ya kusomea Msahafu."

"Basi hiyo hiyo."

Tangu hapo hawakukosa kliniki, barakoa usoni. Sukari ikapimwa kila siku, ikatulia. Mashavu ya Sabrina yakarudi. Na asubuhi ya kwanza Mwanaidi aliporejea kuuza sokoni, Bibi alinawa mikono, akapima sukari, akavaa miwani. Akavuta dawa hadi kwenye alama aliyoonyeshwa, akagonga bomba kwa ukucha kutoa viputo vya hewa. 

"Bibi, umefumba macho!"

"Sijafumba."

"Nakuona!"

Bibi akayafumbua. Akaifinya ngozi ya paja la mjukuu taratibu. Sabrina akageukia bakuli lake.

"Choma basi, Bibi. Uji unapoa."

"Nimeshachoma."

Sabrina akalitazama paja, akamtazama Bibi.

"Akichoma mama huwa nasikia," alisema. "Na jioni uchome wewe."