Makofi ya Mlangoni

Haya yalimpata rafiki yangu Mwelwa, mwalimu wa Kasapa. Kila Jumapili alikwenda mtaa wa Golf kumsomea bibi mmoja Mmarekani mashairi aliyoyatunga bibi mwenyewe. Bibi alikuwa mshairi mwenye jina kubwa, ila alipofuka uzeeni. Wageni walimjia kutoka mbali, lakini bibi alimngoja Mwelwa tu. Mwelwa alipiga makofi mlangoni, kama tunavyobisha sisi, naye bibi alimjibu kwa makofi kutoka kitini.

Jumapili moja bibi alipokwisha kujibu, Mwelwa akakumbuka mechi. Akageuka, akanyata hadi getini. Wiki ileile bibi akafa.

Baada ya maziko alirudi kuchukua vitabu alivyoachiwa. Ndani giza tupu, hakuna umeme.

"Courant ilikatika, papa," alisema Alphonse, mlinzi. "Ingia tu, mu nyumba hamuna muntu."

Kwa mazoea Mwelwa akapiga makofi.

"Mama, unisamehe," alinong'ona.

Ndani makofi yakajibu, mepesi, ya viganja vikavu. Mwelwa akashika kitasa. Ndipo akasikia nyayo nyuma ya mlango. Zilikuwa zikienda zao kwa kunyata, kama za mtu asiyetaka kusikika.