Nyumba Isiyofuka Moshi

Moshi ulipanda kutoka kila paa la Kiarugu isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililokuwa la nyumba ya mwalimu mpya. Makandi aliliona hilo tangu aliposhuka barabarani, lakini hakulitilia maanani. Nyumba haina mpangaji, nani awashe moto?

Ilikuwa Disemba ya mwaka 1987. Barua ya uhamisho ilikuwa imemkuta Embu, ikimtaka aje kufundisha huku juu, mwendo mrefu kupita Kanyakine, na mumewe Kithinji akamsihi aende kwanza ajionee kabla hawajahamisha vyombo pamoja na binti yao Cicily, aliyekuwa na miaka tisa. Basi akaja Jumamosi, kutazama tu, jioni arudi.

Na kweli mji ulimpendeza. Maduka sita, kanisa la mabati, kinu cha kusagia mahindi, na majani chai yaliyopanda mlima hadi yakagusana na msitu. Watu walimfurahia kupita kiasi. Salesio, mwenye duka la kwanza, alimnywesha chai ya maziwa matupu, akamwambia shule yao hupelekewa walimu wa kike na hawakai. Alipoulizwa kwa nini, alisema ni baridi. Kisha akafunga duka kwa kufuli na kumsindikiza hadi penye ua wa nyumba, na hapo akasimama.

"Ni hapo tu, mwalimu," alisema. "Ingia uangalie. Mimi nimewacha duka wazi."

Makandi alikuwa amemwona kwa macho yake akibana kufuli ile. Aliona haya kumwambia, akaingia peke yake.

Ndani, mbele ya mafiga yenye majivu yaliyopoa, alikaa bibi kizee aliyepinda mgongo mpaka kidevu kikakaribia magoti. Alisema anaitwa Ciakuthii, na kwamba ndiye anayeitunza nyumba. Meno yalikuwa yakimgongana. Kuni kavu zilipangwa vizuri katikati ya mafiga, na kiberiti kilikuwa pale pale juu ya jiwe.

"Mwari, mikono yangu imekataa," bibi alisema. "Niwashie moto, binti yangu."

Sasa mwambie mtu aliyelelewa vizuri akatae. Hakuna mama wa upande ule aliyemfunza bintiye kusimama na mkoba wake akimtazama mzee akifa kwa baridi. Makandi alipiga magoti, akawasha, akainama akapuliza, na moto ukashika mara moja.

Na bibi akanyooka. Shingo kwanza, kisha mabega, kisha kiuno, mifupa ikialika, mpaka akasimama wima, na Makandi akaona kwamba hakuwa bibi kizee hata kidogo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, na machozi yalikuwa yakimbubujika.

"Nisamehe," alisema. "Na mimi nilikuja kuangalia tu. Mwenye kuwasha moto ndiye mwenye nyumba. Usiuwache uzime. Ukizima, kitakuja kutafuta joto kwako. Na hutatoka hapa mpaka mtu mwingine auwashe."

Akatoka, akashuka njia mbio, wala hakugeuka.

Makandi alijiambia kwamba mama wa watu ana wazimu, akachukua mkoba wake aende zake. Ukungu ulikuwa umeshuka. Alipita ua, akapita majani chai, akasikia kengele ya kanisa mbele yake, akaongeza mwendo, na alipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ile ile. Akajaribu tena kwa njia ya chini. Mara ya tatu aliacha njia kabisa, akashika shina kwa shina la majani chai huku mikono ikikwaruzwa, akihesabu mistari kwa sauti ili asipotee, akifuata sauti za watu waliokuwa wakicheka dukani kwa Salesio, sauti zilizokuwa karibu kiasi kwamba alitambua ya Salesio mwenyewe, na alipolia kwa nguvu zake zote wamsaidie, kicheko kilikatika ghafla, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, kisha pua yake ikajaa harufu ya nywele zilizoungua, na mkono aliounyosha kushika shina jingine ukashika mlango.

Hapo ndipo alipoogopa. Aliingia, akakaa karibu na moto, akaulisha.

Aliulisha siku ile yote na Jumapili yote. Ng'ambo ya moshi kulikuwa na kitu kilichokuwa kikivuta pumzi. Hakukiona. Kila alipotia ukuni, pumzi zilitulia, na kila ndimi za moto zilipofifia pumzi hizo zilisogea, taratibu, zikizunguka mafiga kumfuata. Akateketeza kuni, akateketeza kigoda, akateketeza rafu. Alfajiri ya Jumatatu mvua kubwa ilipenya paa, moto ukalia kidogo na kuzima.

Kwanza alihisi viganja viwili vidogo vya baridi kiunoni mwake, kama vya mtoto anayeomba kubebwa, kisha magoti yakamkaba mbavuni, kisha mikono ikamzunguka shingo na shavu lenye harufu ile ya nywele likalala begani mwake, na uzito ukaongezeka, ukaongezeka, ukamkunja mpaka akaona sakafu tu, na joto lote la mwili wake likaanza kumtoka kupitia mgongoni. Akajua kwa nini Ciakuthii alitetemeka vile, na kwa nini mikono yake ilikataa kiberiti. Akajua pia ni kwa nini hakumwonya kabla.

Saa sita mchana akasikia sauti ya Kithinji uani. Salesio alikuwa amewaelekeza.

Waliingia, yeye na Cicily, wamebeba mkate. Kithinji aliuliza maswali mengi kwa pamoja: anaumwa? kwa nini hakurudi? amepata nini mgongoni? Na kabla Makandi hajajibu, Cicily, ambaye yeye mwenyewe alimfunza adabu, alimwona mama yake anavyotetemeka, akachana karatasi ya mkate, akaiweka kati ya mafiga na kuokota kiberiti.

"Wacha nikuwashie moto, mama."

Njiti moja tu. Makandi angenyooka, angetoka mlangoni, angelala kwake Embu usiku huo. Mwili wake wote uliitamani njiti ile, na hilo lilimtia aibu maisha yake yote.

Akampiga mtoto kofi. Hakuwahi kumpiga. Kiberiti kikaangukia majini.

Kithinji alimtazama kama mgeni. Makandi alimjua mume wake: akielezwa ukweli, angepiga magoti yeye mwenyewe amkomboe. Kwa hiyo akasema neno moja ambalo lingemwondoa mwanamume yule.

"Nimeolewa hapa," alisema akitazama sakafu. "Mtu wangu ametoka kidogo. Chukua mtoto wako, muende. Msirudi."

Kithinji aliuweka mkate juu ya jiwe.

"Si ungeniambia tukiwa Embu," alisema kwa sauti ya chini. Akamshika Cicily mkono.

Makandi alijikokota hadi mlangoni. Ukungu uliwafungulia njia vizuri, na aliwaona mpaka kwenye kona. Alingoja mtoto ageuke mara moja tu. Cicily hakugeuka. Makandi alimshukuru Mungu kwa hilo, na akalia kwa hilo hilo.

Ndipo kile kitu kilipotamka kwa mara ya kwanza, mdomo ukiwa sikioni mwake, kwa upole.

"Mtoto huyu," kiliuliza, "ataanza kusafiri peke yake lini?"