Pete Saba za Mshale wa Baba

Naapa kwa kisima cha Nzuguni ninachonywea: habari hii ni kweli tupu, haina chumvi hata ya kuonjea. Ukipatikana uongo, nitaichotea nyumba hii maji wiki nzima, ndoo kichwani na kata ya kitambaa ikikinga upara. Na ushahidi upo. Mshale wenyewe umening'inia ukutani hapo.

Mwaka ule Wajerumani walikuwa wanasogeza reli kuja Dodoma. Babu yangu Matonya, Mgogo wa Ihumwa, alitoka Mpwapwa kurudi kwao na Rehani, mpagazi wa zamani wa misafara, wakakata njia ya mkato porini. Siku ya pili fisi akamtisha punda wao wa mizigo. Punda akaanguka, akajiviringisha juu ya vibuyu vya maji na podo la mishale, akatimka na chumvi yao. Maji yakanywewa na mchanga. Mguu wa Rehani ukachanwa na jiwe hadi mfupani. Mishale ikasalia miwili.

"Punda wenu Wagogo," Rehani akasema, amekaa chini. "Hata adabu mnafundishana naye."

"Inuka, mtani. Utanitukana tukitembea."

Walitembea siku nzima na usiku wake. Kesho yake saa nne ndimi zilikuwa zimevimba, na Rehani alikuwa anaburutwa zaidi ya kutembea. Kijito walichokitegemea kilikuwa mchanga mtupu. Matonya alichimba hadi kwapani, akatoa vumbi. Ndipo wakawaona pofu watatu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, kivulini mwa migunga.

"Tumbo la pofu lina maji," Matonya akanong'ona. "Nikimkosa, tumekwisha."

Mishale ile miwili ilikuwa na vigumba vipya vizito kichwani, vilivyofuliwa kwa misumari ya reli aliyoileta Rehani. Matonya alikuwa amevifunga siku ya kuondoka, asijaribu hata mara moja. Ajaribu nini? Mti wa mshale aliupima marehemu baba yake, akauchoma pete saba za moto toka mbele hadi nyuma, na nyumbani kwao mti uliopimwa na baba haukatwi.

Akavuta, akaachia. Mshale ukajipinda kama nyoka aliyekanyagwa, ukakata kulia, ukapotelea vichakani. Pofu wakaondoka, polepole, kwa dharau.

"Upepo," Matonya akasema.

"Upepo umetulia, bwana."

Akalenga kichuguu kwa ule uliobaki. Kulia tena, hatua nzima. Akaufuata kwa miguu isiyomtaka, akaushika, akauangalia muda mrefu. Mkono ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kichwa: kikiwa kizito, mti mrefu hulegea.

"Ufupishe," Rehani akasema.

"Ni kipimo cha baba."

"Baba alipimia chuma cha Mjerumani?"

Matonya akachomoa kisu. Aling'oa kigumba, akakata upana wa kidole kimoja, akakirudisha. Ukano wa mnyama wa kukifungia lazima utafunwe ulainike, na kinywani hakuwa na mate.

"Tafuna wewe. Ndiwe mwenye mdomo."

Rehani akatafuna, machozi yakimlenga. Kidole kimoja: kulia bado. Viwili: kulia kidogo. Kila mara akautembelea mshale kichuguuni na kurudi, na kila mara kichuguu kilikuwa kimesogea mbali zaidi. Alipofikisha vidole vinne, pete mbili za baba zilikuwa vumbini, na mshale ukazama katikati ya kichuguu.

Jua likiwa linashuka akawafikia pofu tena. Akaachia. Mshale ukaenda mnyoofu kama neno la kweli, ukampita pofu ubavu huu ukatokea ule, ukaua na kanga wawili waliokuwa nyuma.

Rehani akajivuta kwa magoti, akachinja kwa bismillahi. Wakakamua majani ya tumboni kwa kilemba chake, wakanywa kile kitu cha kijani.

"Kichungu," Rehani akasema.

"Kilemba chako hicho."

Asubuhi tai walizunguka angani. Wachungaji wa Ihumwa waliwafuata wakitafuta mzoga, wakakuta watu wawili wamelala wamekumbatia ngozi, wakawanywesha maziwa ya mgando tone kwa tone. Rehani alichechemea maisha yake yote. Matonya hakupima tena mshale kwa mkono wa mtu, wanawe aliwaambia, "Urushe kwanza, ndipo uniambie urefu wake."

Nilipofika hapo wajukuu wangu walikuwa wamenisogelea. Mke wangu Zipora akainuka, akautungua mshale ukutani, akauleta kwenye mwanga.

"Pete mbili zilikatwa, siyo?"

"Mbili."

"Zikabaki tano."

"Tano, mama watoto, hesabu ndiyo hiyo."

Akahesabu kwa kidole, taratibu, wajukuu wakimwitikia. Wakafika saba.

Nikatazama ukuta. Nikawaona kanga wangu wawili wa hadithini wakipaa zao. Zipora akaweka ndoo mlangoni, kata akanivika mwenyewe, ikakaa vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Babu," mjukuu mmoja akauliza nilipoanza kushika njia, "kisima kiko mbali?"

"Mbali," nikamwambia. Na hilo, jamani, ni kweli.