Matambara Mawili Chini ya Gari la Babu

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa na kazi moja ambayo sikumruhusu mtu kuniingilia: kuosha gari la babu. Mdogo wangu aliruhusiwa kubeba maji tu, na hata hayo aliyamwaga ovyo. Gari lenyewe lilimzidi baba yetu umri. Lilikuwa na rangi ya maziwa, taa za mbele za mviringo, na kitasa cha buti ambacho babu alikipangusa kwa leso yake mwenyewe. Taa ya ndani ilikufa kabla sijazaliwa, lakini taa ndogo ya buti ilikuwa bado inawaka kila ukiinua mfuniko. Babu aliisifia taa hiyo kuliko alivyowahi kunisifia mimi nilipofaulu mtihani.

Kilichomshinda ni petroli. Gari lile lilikunywa petroli kama lina ugonjwa wa kiu, ikafika mahali likawa linakaa uani wiki nzima. Ndipo shangazi, ambaye ni fundi wa kufunga mifumo ya gesi kwenye magari, akamshauri walibadilishe litumie gesi asilia, ile inayoshindiliwa ndani ya mtungi mzito wa chuma.

"Mtungi utakaa wapi?" babu aliuliza.

"Kwenye buti, Baba."

"Na mashimo je?"

"Mawili tu, chini ya buti."

Babu alijishika tumbo kama mtu aliyeambiwa atatobolewa yeye.

Kazi ilichukua siku tatu. Shangazi alifunga mtungi, akapitisha bomba jembamba la gesi hadi kwenye injini, kisha akaifunika vali ya mtungi kwa mfuko mgumu wa mpira. Kutoka kwenye mfuko huo, mipira miwili minene, kama ile ya kumwagilia maji, iliteremka kupitia yale mashimo hadi nje, chini ya gari. Fundi rangi naye akapaka rangi kuzunguka mashimo ili chuma kisishike kutu. Pale gereji kwa shangazi walimwita Mzee Taratibu, kwa sababu hata mvua ikimkuta nje haharakishi hatua. Kabla ya kupulizia rangi huziba kila tundu kwa tambara lililokunjwa, na akimaliza huyatoa moja moja huku akiyahesabu kwa sauti.

Babu aliendesha gari kurudi nyumbani akitabasamu, ila jambo moja lilimkera.

"Ile mipira miwili imewafungulia panya mlango," aliniambia tukiwa uani. Yeye na panya walikuwa na vita vya miaka mingi. Panya hao walishatafuna sifongo ya kiti cha nyuma mara mbili.

Maneno yale yaliniingia. Alipokwenda ndani kunywa chai, nilijilaza chali chini ya gari. Nilikuwa na matambara mawili yenye madoa ya rangi, niliyoyaokota kwenye pipa la gereji tulipolifuata gari, ili nipangusie magurudumu. Nikayasokomeza kwenye midomo ya ile mipira mpaka kidole kikaniuma. Sikumwambia mtu. Nilitaka panya wasionekane kwa muda mrefu, babu ashangae, ndipo nijitokeze nijitape.

Jumamosi iliyofuata tulilipeleka gari kwa shangazi akague viungo vya mabomba baada ya wiki ya kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha, tukafunga madirisha yote.

"Kuna harufu," nilisema. "Kama ya mayai viza."

"Muulize huyo mdogo wako alikula nini jana," babu akajibu. Yeye mwenyewe alikuwa na mafua, pua imeziba.

"Si mimi," mdogo wangu alilalamika, nasi tukamcheka njia nzima. Tulicheka, jamani. Mpaka leo sijakisahau kicheko kile.

Tulipofika gereji mvua ilikuwa imekatika. Babu alizima injini, tukashuka sote. Akaenda moja kwa moja nyuma ili amwonyeshe Mzee Taratibu jinsi taa yake ya buti inavyowaka. Shangazi alikuwa anakuja huku akifuta mikono. Alipobakiza hatua tatu akasimama, akanusa hewa.

"Baba, ondoa mkono hapo," alisema kwa sauti ndogo. "Usifungue. Watoto, nendeni mpaka kule ukutani. Sasa hivi."

Sikuwahi kumsikia shangazi akimwamuru babu. Babu mwenyewe aliduwaa, kisha akautoa mkono kwenye kitasa polepole na kurudi nyuma.

Fundi wa kuchomelea alizima mashine yake. Milango ya gari iliachwa wazi, na hakuna aliyethubutu hata kugusa simu. Tulisimama ukutani muda mrefu mpaka miguu ikatuuma. Mwishowe shangazi aliinama chini ya gari akiwa na koleo, akavuta kitu. Tambara. Akavuta tena. Tambara la pili.

Niliyatambua kutoka kule ukutani.

Alingoja tena, akafungua boneti na kutoa waya wa betri, ndipo akainua mfuniko wa buti. Alipomaliza kukagua alituita.

"Nati ya vali imelegea kwa mitikisiko ya barabarani," alisema. "Gesi imekuwa ikivuja kidogo kidogo. Ndiyo maana tuliweka mfuko na mipira, ili gesi ikivuja itoke nje ipotelee hewani. Lakini mipira imezibwa. Gesi ikajaa kwenye mfuko, ikapenya butini, ikaingia mpaka walipokaa watoto. Baba, ungeinua mfuniko ule, taa yako ingewaka. Cheche moja tu ya swichi ingetosha."

Babu alikaa juu ya tairi lililokuwa karibu. Aliniangalia, kisha akamwangalia mdogo wangu.

Shangazi akamgeukia fundi rangi. "Mzee wangu, matambara haya ni ya kwako."

Mzee Taratibu aliyachukua, akayageuza. "Ni yangu."

"Uliyahesabu siku ile?"

"Nadhani niliyahesabu." Akayatazama tena. "Kumbe sikuyahesabu."

Akaanza kufungua vifungo vya ovaroli yake kimoja kimoja. "Nimeponza watoto wa watu," alisema. "Mimi na magari ya gesi basi. Pengine na gereji yenyewe basi. Nimeshazeeka."

Nilidhani shangazi atamzuia. Hakumzuia. "Kapumzike nyumbani, Mzee wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Siwezi kukupa gari la mtu mwingine."

Hakuna mtu aliyeniuliza chochote, na hakuna ambaye angeniuliza. Ningekaa kimya tu, mambo yangeisha hapo, na mzee yule angeondoka na kosa langu. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikapiga moyo konde.

"Ni mimi," nilisema.

"Wewe umefanya nini?" shangazi aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeziba mipira. Nilikuwa nawazuia panya."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alinitazama kama hanifahamu. Babu ndiye aliyesema kwanza, taratibu: "Panya niliwataja mimi."

"Najua hukukusudia ubaya," shangazi aliniambia hatimaye. "Lakini hukujua ile mipira ina kazi gani, na ungeniuliza ningekujibu kwa dakika moja. Ukikuta kitu hukielewi, uliza kabla hujakigusa. Na ukikosea, sema mapema, usingoje mpaka mwingine abebe lawama yako."

"Nisamehe, shangazi. Nisamehe, Mzee."

Mzee Taratibu alikuwa bado amesimama, ovaroli imefunguliwa hadi tumboni.

"Unajua kitu gani kimenitisha, mjukuu wangu?" aliuliza. "Nilikuwa nimeshaanza kukumbuka. Nilijiona kabisa ninavyoyasahau matambara yale na kuondoka. Jambo ambalo halikutokea, nami nikaliamini. Ungenyamaza kidogo tu, ningekwenda nyumbani, na ningekufa nikiamini kwamba nilikaribia kuwaua watoto wawili."

Nikalia mbele ya watu wote.

Yeye akaanza kufunga tena vifungo vyake. Kifungo cha juu kikamshinda. Nilisogea nikamfungia, naye akasimama akaniacha nifunge.