Kipande Namba Kumi na Saba

Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Cecilia wa stoo ya mgodi alifika kwenye ubao wa mdomo wa shimo, akasimama. Kipande cha shaba namba 17 kilikuwa kimetundikwa upande wa CHINI. Namba hiyo ilikuwa ya Naftali, mchimbaji aliyefukiwa na kifusi, na walimzika miezi mitatu nyuma, hapo hapo Misigiri.

Sheria ya ubao haikuwa na mjadala. Ukishuka shimoni, unatundika kipande chako CHINI. Ukitoka, unakihamishia JUU. Kikibaki CHINI, watu wanashuka kukutafuta.

Nyuma ya kibanda kokoto zililia, kama za mtu anayenyata. Alichungulia. Hakuna mtu.

Mara Alute, mpimaji wa mgodi, akaja mbio. "Dada Cecilia, daftari langu limeibwa!"

Alute alikuwa amepima nyufa za mgodi kwa miaka saba, vipimo vyote vikiwa humo. Wizara ilikuwa na nafasi moja ya ufadhili, shahada ya pili ya utafiti, kwa wafanyakazi wazoefu wa migodi tu. Bila daftari hakuna nafasi, na basi la kumpeleka Singida kuomba lilikuwa saa nne.

"Ni Yeremia," Alute akasema. "Ndiye wa pili kwenye orodha."

Walimkuta Yeremia zahanati, malaria tangu jana, dripu mkononi. "Ningeiba kwa miguu ipi?" akafoka. "Hata chooni naenda nimeshikwa na nesi!"

Waliporudi, wachimbaji walikuwa wamesimama mbali na shimo. Hewa ya baridi ilipanda kutoka chini, inanuka udongo mbichi. "Amerudi kazini," mmoja akanong'ona.

"Nendeni nyumbani!" Mzee Melkizedeki, msimamizi, aliwafukuza. "Kipande kile nilimwekea marehemu mfukoni, ndani ya jeneza. Leo hashuki mtu."

"Shikamoo, mzee," Cecilia akasema.

"Marahaba."

"Jeneza lilitoka hospitali limepigiliwa misumari. Mkewe alilia lifunguliwe, ukakataa. Mfuko uliufikiaje?"

Mzee akageuka kutaka kuondoka.

"Maiti haogopi kufukiwa, mzee. Anayetundika kipande ni mtu hai. Daftari limepotea asubuhi hii hii; wewe ulishuka kulificha. Kwa chako ungejulikana, ukatundika cha Naftali ulichobaki nacho. Ukatoka, ukasikia viatu vyangu, ukakimbilia nyuma ya kibanda kabla ya kukiondoa."

Alute akashika kichwa. "Ukurasa wa mwisho! Niliandika njia ya pili ya shimo itaanguka, mzee mwenyewe akatia sahihi. Siku mbili kabla Naftali hajafukiwa kule!"

Mzee akakaa juu ya ndoo. "Lipo njia ya pili, chini ya gogo. Ningeshuka bila kipande, shimo likaanguka, nani angenitafuta?"

"Na Naftali?" Cecilia akauliza taratibu. "Siku ile hatukumtafuta mpaka jioni, kwa sababu ubao ulisema katoka."

Mzee akatazama viganja vyake. "Kipande chake nilikihamishia JUU mimi. Niliogopa watajua nimempeleka kule."

Alute akatundika kipande chake, akashuka. Saa nne alikuwa ndani ya basi, daftari lililojaa tope mapajani. Wachimbaji walikuwa wanamlinda mzee mpaka polisi wafike.

Cecilia akarudi ubaoni peke yake. Akachukua namba 17 CHINI, akaihamishia JUU, safari hii kwa haki.

"Haya, Naftali," akasema. "Toka."

Hewa ya baridi ikakoma.