Mama Hayupo

Maji yalikuwa kwenye kizingiti tena. Lodwar hii, jua la adhuhuri linachoma mpaka mbuzi wanasukumana kugombania kivuli cha ukuta, nani atamwaga maji mlangoni? Magool alichutama akayanusa. Karafuu maiti. Harufu ile aliiacha Kakuma, kwenye chumba walimoosha maiti ya mama yake, Rooda.

"Ubax," alimwita bintiye mdogo, "nani alikuja hapa?"

"Ayeeyo," mtoto akasema, vile alivyozoea kumwita bibi yake. "Amelowa. Anataka nimfungulie."

"Ukamwambiaje?"

"Mama hayupo. Si ndivyo ulinifundisha?"

Uso wa Magool ukawaka kwa aibu. Ni kweli alimfundisha. Rooda alimwoza angali msichana mdogo, na alipomtoroka mume akarudi Kakuma, mama huyo alimfungia mlango: "Rudi kwa mumeo!" Miaka ikapita, mume akafa, Rooda akasafiri mpaka Lodwar kumwomba bintiye msamaha. Magool, ambaye ndio kwanza alikuwa ametoka kusali, alimsukuma Ubax mlangoni akaseme mama hayupo. Bibi akakaa juani hadi alasiri, kisha akaenda zake. Hata siku ya kumwosha, waoshaji waliposema, "Msameheni marehemu," wanawake wote waliitikia. Magool akajifanya anakamua kitambaa.

Ijumaa, wanaume wako msikitini na mtaa umenyamaza, matone yakaanza. Tap. Tap. Kisha sauti ya Rooda yenyewe, "Magool, nifungulie, hooyo," lile neno la Kisomali la 'mama' ambalo mama humwitia hata mwanawe, na Magool akataka kusoma dua lakini ulimi ulikuwa mzito, na harufu ya karafuu maiti ikapenya chini ya mlango ikajaa chumba kizima, na alipogeuka akamwona Ubax amesimama karibu na komeo, nywele zinachuruzika maji, midomo imekuwa ya buluu, mkono wa mtoto unapanda polepole kufungua. Akamrukia, akamkumbatia. Mtoto alikuwa baridi kama aliyetolewa kisimani.

Magool alimpigia simu Sheikh Awale, naye alipotoka msikitini akaja mbio, akaingia kwa mlango wa nyuma. Alisoma mpaka jasho likalowesha kanzu. Matone hayakukoma.

"Yule si mama yako," alinong'ona. "Mama yako yuko kwa Mola wake. Hili ni jini, limeokota ombi lililoachwa mlangoni bila jibu. Naweza kusoma mpaka koo likauke, lakini kuna neno umelizuia."

"Neno gani, sheikh?"

"Binti yangu, unalijua. Haraka, mtoto anaishiwa pumzi."

"Nimekusamehe," Magool akasema. Nje pakachekwa.

"Hilo ni la mdomoni tu."

Ndipo akapiga magoti, akaegemeza paji la uso mlangoni. "Hooyo, siku ile nilikuwepo. Nilikuchungulia. Nilikuona unajifuta jasho kwa shela, na nilifurahi. Yarabi, nilifurahi! Halafu nikatandika mkeka tena, nikasali alasiri. Nimechoka kukuchukia. Nenda, mama yangu. Sina kinyongo tena. Na wewe unisamehe."

Matone yakakoma. Ubax akakohoa, akatapika maji mkekani, akaomba chai.

Jioni, jirani yake Mturukana, Mama Lomunokol, alipiga hodi akisalimu kwa Kiturukana. "Ejok, Mama Ubax! Uko?"

Kabla Magool hajafungua kinywa, sauti ikajibu kutoka nyuma ya mlango: "Mama hayupo."

Ubax alikuwa amelala mapajani pake. Na sauti ile haikuwa ya mtoto, wala ya Rooda. Ilikuwa ya Magool mwenyewe.

Alimlaza mtoto, akakimbia, akaufungua mlango wote. "Nipo! Walahi nipo!"

"Sasa mbona unasema hauko?" jirani akacheka. "Unanificha chai?"

Tangu siku hiyo mlango wa Magool haufungwi mchana. Mtu akibisha, huacha hata unga kwenye sinia, mikono ikiwa bado myeupe, akaitikia mbio, kwa maana akichelewa kidogo tu, yuko anayemjibia.