Mguu wa Kishindo

Kilianza kijiko. Kijiko tu jamani, kile cha kwenye kopo la sukari. Kishindo alikishika akoroge chai, kikakatika kama biskuti, kikamwachia kutu vidoleni. Akacheka, akamwambia mumewe siku hizi hata vijiko wanatengeneza kwa makaratasi.

Huyu Kishindo jina lake utalijua akipita: kushoto tap, kulia ndu. Pajani ana chuma cha hospitali tangu alipovunjika, na mwili wote ule aliojaliwa, hakuna anachojivunia kama huo mguu. Mumewe ni mpaka rangi wa meli kule gatini. Wanakaa juu kabisa mlimani, bahari huioni hata ukipanda paani.

Baada ya kijiko ikafuata bawaba ya mlango. Ikafuata kufuli. Sindano zikawa unga ndani ya kasha lake. Na nyumba ikanuka bahari. Siyo ule upepo mtamu, la, harufu ya tumbo la meli, ya kutu na uvundo, inayokukuta mpaka kwenye mto wa kulalia. Ukinyamaza unasikia kra, kra, kra. Ungesema panya, ila panya gani anatafuna chuma?

Mchana kweupe wamejilaza, kitanda cha chuma kikawamwaga. Mguu wa kitanda umeliwa, umebaki utepe mwekundu wa kutu. Kishindo akacheka mpaka machozi, na akiwa bado anacheka pale sakafuni baridi ikamshika unyayo, ikapanda kifundoni, ikapanda gotini polepole kama mtu anayezamishwa baharini akiwa wima, na maji hakuna, sakafu kavu, na ile kra kra iliyokuwa kitandani ikahama, ikanyamaza, halafu akaisikia tena, safari hii ndani ya paja lake mwenyewe.

Kicheko kikakatika.

"Mume wangu," akanong'ona, "kimefika kwangu."

Mganga akaitwa. Akaja na kisu chake cha kutishia majini, anatamba kama bwana harusi, kisu kikamegekea mpinini kabla hajamaliza maneno. Akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu ni jini wa chumvi, hali nyama, anakula chuma, na humu kimebaki kimoja. Mama akatolewe hicho chuma, amwachie. Kisha akaondoka, viatu kavisahau mlangoni.

Mume alilia, akambembeleza waende hospitali. Kishindo akagoma. Chuma kile ndicho kilichomwinua. Bila hicho ni kulala mkekani maisha.

"Sitoi," akasema. "Kama ana njaa akale kwao."

Habari zikamfikia shemeji yake, kaka wa mume, fundi wa kuchomelea palepale gatini. Akaja, akainusa nyumba, akamwuliza mdogo wake ile meli ya mizigo waliyoishusha majini majuzi, zinki zake alizifanyaje. Maana chini ya kila meli wanachomelea vipande vya zinki, ili bahari ivitafune hivyo, iache chuma cha meli. Na zinki haipakwi rangi hata siku moja, ikipakwa, hailiki.

Mume akainamisha kichwa. "Nilizipaka nyeupe. Nahodha alitaka meli ing'ae."

"Umemfunikia jini chakula chake," shemeji akasema. "Meli nzima ina rangi mpya, ale nini? Amefuata mikono yako mpaka nyumbani."

Meli ikavutwa tena nchi kavu. Kishindo hakumwachia mtu kazi ile. Patasi zilioza mkononi mwake, akashika msasa, akakwangua zinki moja baada ya nyingine huku baridi imefika nyonga na paja linaliwa kwa ndani na jasho linamtoka na meno yanagongana, mpaka ya mwisho ikabaki uchi, ya kijivu.

"Hii yako," akasema. "Mguu ni wangu. Ukiugusa tena, meli zote hapa nazipaka mwenyewe, tuone utakula nini."

Kra ikatoka pajani. Mbele ya macho yao zinki ikaanza kutoboka vitobo vidogovidogo, kama vya meno.

Mpaka leo, zinki ikikaribia kwisha huko chini ya maji, mzamiaji hajui, nahodha hajui. Goti la Kishindo linajua. Linapoa. Hapo hata umbea uwe umekolea namna gani anaukata katikati, anajifunga kanga, anateremka mlima, tap, ndu, tap, ndu. Mafundi wakimsikia hawaulizi kitu, wanatafuta zinki mpya. Naye anasimama ukingoni mwa gati, anaupiga ule mguu chini kwa nguvu zake zote, ili aliye chini asikie nani kaja.